Mwalimu na Meno Matatu ya Bibi

Mwalimu wetu wa sayansi hakumtazama mtu machoni. Alimtazama mdomoni, na ukiwa umeufunga, alikaa akisubiri uufungue. Watu wa mtaa wa Mutanga Nord, alikofundisha kwa miaka mingi, walimzoea. Wageni ndio waliohangaika. Walijifuta midomo wakidhani wamebakiza ugali mahali, naye hata hakutambua kwamba amewatia aibu.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala watu wake ni akina nani. Hakupenda kuulizwa, nami sikuuliza. Ninayoyajua ni yale niliyoyaona, na linalonifanya niandike ni moja tu: aliazima meno matatu ya bibi yangu kwa kiapo, hakuyarudisha, na bibi akazikwa bila hayo. Nimejaribu kusimulia habari za mtu huyu kwa upole na kila nikianza napandwa na hasira. Lakini alikuwa na mema yake, tena mengi, na hayo mema ndiyo yanayoniuma.

Kwanza nianze na kipaji chake. Mwalimu aliweza kukaa mahali panapochomwa mishikaki, akamtazama mtu asiyemjua akitafuna, kisha akamwambia kazi yake. Fundi viatu alimjua kwa vijishimo vya misumari aliyozoea kuibana kwa meno. Fundi cherehani alimjua kwa mfuo mdogo kwenye jino la mbele, pale uzi unapokatwa kila siku. Wavuta kiko walikuwa na tundu la duara pembeni, kama mlango wa panya. "Ulimi inaweza kukudanganya," alikuwa akisema. "Jino apana. Jino inasema yote yenye ulifanya."

Mara moja alikosea, na mimi nilikuwepo. Alimwambia mwanamke mmoja wa mtaa wa Nyakabiga kwamba yeye ni fundi cherehani, tena wa zamani. Mwanamke alicheka hadi akakaa chini. Alikuwa na duka la vinywaji na mfuo ule ulitokana na kufungua chupa za soda kwa meno. Mwalimu naye alicheka machozi yakamtoka, akamnunulia soda, akamwomba aifungue palepale ili aone jino linavyokaa. Ndivyo alivyokuwa. Kukosea hakukumuudhi, mradi apate kitu kipya cha kutazama.

Na yeye mwenyewe? Alikuwa na mazoea ya kubana kalamu nyekundu kwa meno ya upande wa kushoto anaposahihisha, kwa hiyo meno yake mawili pale yalilika hadi yakaacha nafasi ya kalamu hata asipokuwa nayo. Tulipomtania alisema hiyo ni alama ya ujinga wetu: tungeandika majibu sahihi, meno yake yangepona.

Alihubiri dhidi ya sukari kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Biskuti, peremende, mkate mweupe, vyote aliviita wezi wa meno. Kengele ya mapumziko ikilia alikwenda kwa mama wa chai aliyekaa nyuma ya ukuta wa shule, akatia sukari kijiko juu ya kijiko mpaka kijiko kikakaribia kusimama chenyewe. Tukimwona alisema anaifanyia sukari utafiti. Tulimpenda kwa hayo. Mwalimu asiye na kasoro ya kuchekwa ni mzigo kwa watoto.

Kasoro nyingine hatukuiona kuwa kasoro wakati ule. Neno lake alilolipenda lilikuwa kesho. Madaftari, kesho. Ile darubini aliyotuahidi, kesho. Alilitamka kwa uso mkunjufu hivi kwamba ulishukuru na kuondoka, na ulipofika nyumbani ndipo ulipogundua kwamba mikono yako ni mitupu.

Sasa kikombe.

Mimi ni Mtwa. Wanaoijua Burundi hawahitaji maelezo zaidi, lakini kwa wengine niseme hivi: tulikuwa watu wa msituni na wa udongo wa kufinyangia vyungu, na majirani wetu walinunua vyungu vyetu, wakavipikia, ila hawakukubali kunywa tulipokwisha kunywa sisi. Nyumbani kwetu Cibitoke, huku mjini, mambo yalikuwa yamelainika kidogo. Shuleni hayakuwa yamelainika. Siku zangu za kwanza nilikuja na kikombe changu cha udongo alichokifinyanga bibi, nikakiweka karibu na mtungi wa darasa, na kila nilipokwenda kuchota maji wenzangu walirudi nyuma. Msichana mmoja alifuta ukingo wa mtungi kwa sketi yake baada yangu.

Mwalimu aliona. Hakupiga kelele, hakutoa hotuba. Alikichukua kikombe changu nikiwa bado nimekishika, maji yangu yakiwa nusu, akanywa yote, akageuza kikombe chini kuonyesha kimekwisha. Kisha akasema, "Bon. Sasa mwenye ataogopa kikombe hii, aniogope na mimi." Akarudi ubaoni akaendelea na mizizi ya mimea.

Sijui nieleze vipi jambo lile lilivyonigusa. Niliporudi nyumbani nilimsimulia bibi, nikamwigiza hadi jinsi koo lake lilivyopanda na kushuka. Bibi alikuwa akikanda udongo. Aliacha. Akaniuliza kama alikunywa yote au alionja tu. Nikamwambia yote. Akauliza kama alifuta ukingo kwanza. Nikasema hakufuta.

"Ego," alisema bibi, yaani ndiyo. "Basi huyo ni wa hapa nyumbani."

Kwa wengine hayo yangekuwa maneno ya shukrani. Kwa bibi yalikuwa sheria. Kwa wazee wetu, aliyekunywa chomboni mwako bila kukifuta amekuwa mtu wa nyumba yako, na mtu wa nyumba yako humwekei shahidi. Ukimpa kitu, umempa mbele ya chungu na moto, yatosha. Mwalimu hakuijua sheria hiyo. Yeye alikunywa ili kulifundisha darasa. Bibi alidhani amekunywa ili kuwa ndugu. Kosa letu lote limo hapo, na sidhani kama kuna watu wengine ambao wangelifanya isipokuwa sisi, ambao kwa miaka na miaka hakuna aliyekunywa kwetu.

Mwalimu alikuja nyumbani baada ya mimi kumwambia kwamba bibi aliwahi kuishi maisha ya kuhamahama juu kule kwenye msitu wa Kibira. Alikuja Jumapili, amevaa shati la mikono mirefu kana kwamba anakwenda kwenye harusi, akaleta sukari, yeye huyohuyo. Alimsalimu bibi kwa mikono miwili, akakaa kwenye mkeka. Bibi alipocheka kwa mara ya kwanza na kuonyesha meno yake, nilimwona Mwalimu akiacha kupumua.

Meno ya bibi yalikuwa mafupi na bapa. Yale ya mbele yalilika kwa mshazari, kama makali ya jembe la zamani, na kati ya mawili kulikuwa na mfereji laini. Magego yalikuwa yamechimbika katikati, ya kahawia, yanang'aa. Hakuna hata moja lililooza. Mimi mjukuu wake nilikuwa na matundu mawili tayari, kazi ya biskuti.

"Mama, hapa kulipita nini?" Mwalimu aliuliza, akionyesha mfereji kwenye meno yake mwenyewe.

"Kamba," alisema bibi. "Kamba ya nyavu ya kuwinda. Mikono inashika huku na huku, sasa ya tatu utatoa wapi? Unashika na meno."

Kisha akaeleza, kwa mchanganyiko wa Kirundi na Kiswahili chake cha sokoni, nami nikafasiri palipohitajika. Kwamba utotoni mwake hawakulala mahali pamoja muda mrefu: viazi vya mwituni vikiisha, au wanyama wakihama, nao walihama. Kwamba nyama ilichomwa juu ya majivu ikaliwa na majivu yake. Kwamba viazi vilichimbwa vikapanguswa kwa kiganja, na mchanga uliobaki ulitafunwa pamoja navyo bila malalamiko. Kwamba ngozi ililainishwa kwa kutafunwa pindo lake, kazi ya wasichana, na gome la mti lilichunwa kwa meno ili kupata nyuzi. Asali waliila na masega yake, msimu wake ukifika, halafu basi mpaka msimu mwingine. Mwalimu alisikiliza kinywa wazi. Alituambia kwamba jino linalosuguliwa hivyo kila siku halina pembe za kuficha uozo, na kwamba mtu aliyekula mlimani na mtu aliyekula dukani hawahitaji kusema kitu. Wafungue midomo tu.

Alirudi mara nyingi. Alikula kwetu, alikunywa kwetu, aliinua vyungu vya bibi kwenye jua ili vikauke. Mama yangu alimtania kwamba akija mara moja zaidi atapewa jembe. Nilikuwa na fahari. Shuleni hakuna aliyerudi nyuma tena nilipochota maji, na aliponiambia kwamba mkono wangu hautetemeki na kwamba nitafaa kwenye kazi ya meno, niliamini, nikasoma kwa ajili hiyo, na kweli ndiyo kazi yangu mpaka leo.

Bibi alikuwa na chungu kidogo chenye kifuniko, ukubwa wa ngumi. Ndani yake alitunza kila jino lake lililong'oka tangu utu uzima. Wazee wa kwao walikuwa hivyo: waliohamahama hawakuwa na nyumba ya kuachia wala shamba la kurithisha, bali mwili ulitakiwa urudi ardhini wote, popote ulipo, ili aliyekufa asirudi kutafuta kipande chake. Bibi akasema akiba haiozi, akacheka, akamwonyesha Mwalimu.

Mwalimu aliyamimina kwenye kiganja. Akachagua matatu: moja la mbele la taya la chini, lenye mfereji uleule wa kamba, na magego mawili. Akaomba ayaazime. Angeyachora, angeyapima, angewaonyesha wenzake kwenye mkutano, kisha angeyarudisha.

"Utayarudisha mbele sijakufa," alisema bibi.

"Wallahi, Mama. Hii ni amana. Mi naikata mukono yangu mbele nipoteze hii."

Mama yangu alitaka jirani aitwe ashuhudie. Bibi alikasirika kweli, nadra kumwona hivyo. "Yeye alikunywa kwetu," alisema, na mazungumzo yakaisha. Mwalimu aliyafunga meno kwenye leso nyeupe, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nilimsindikiza hadi barabarani. Aligusagusa mfuko njia nzima.

Mkutano ulifanyika kwenye hoteli moja mjini, na wageni walitoka ng'ambo. Alituita tukamsikilize, wanafunzi wake wachache. Alisema vizuri, sitamnyima hilo. Alieleza nyavu, majivu, asali, ngozi, yote yaliyosemwa kwenye mkeka wetu. Alisema "watu hawa". Alisema "wawindaji hawa". Hakusema kwamba bibi fulani wa Cibitoke ndiye aliyemwambia. Wageni waliyapitisha meno mkono kwa mkono, nami niliyafuata kwa macho kama mtu anayeangalia mtoto akivuka barabara. Mwisho walipiga makofi, na Mwalimu akanitafuta kwa macho akanitabasamia, nami nikamtabasamia. Nilidhani tunashangilia kitu kimoja.

Baada ya hapo ilikuwa kesho.

Bibi aliniuliza mara ya kwanza kwa mzaha, kama meno yake yanasoma shule siku hizi. Nikamuuliza Mwalimu. Kesho. Bibi akaanza kukohoa, na kikohozi hakikuisha. Nikamuuliza tena. Anamalizia kuchora, kesho. Akasafiri ng'ambo kwa mwaliko wa wale wageni, akarudi na koti zuri na kalamu nyekundu mpya. Bibi sasa alikuwa hawezi kulala ila kwa kukaa. Akanituma, nami nilikwenda shuleni nikamsubiri nje ya chumba cha walimu.

Alitoka na kalamu mdomoni. Aliitoa.

"Zile meno niliziacha kule," alisema. "Ziko pahali pazuri sana. Zinachungwa vizuri kuliko sisi tungezichunga."

Nikamwambia bibi yu mahututi.

"Pole. Pole sana. Mi nitakuja kumuona."

"Mwalimu, anataka meno yake."

Alinitazama mdomoni, kama kawaida yake. Kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa, sauti aliyoitumia kwa mwanafunzi mzito, "Mutoto wangu, we unasoma sayansi. Meno tatu ya muzee itamusaidia nani ndani ya kaburi?"

Nimesikia matusi mengi ya watu wanaotuchukia na mengi nimeyasahau. Hilo sijalisahau. Hakulisema kwa chuki. Alilisema kana kwamba mimi na yeye tuko upande mmoja na bibi yuko upande mwingine. Aliyenyanyua kikombe changu mbele ya darasa zima, ndiye yeye.

Hakuja kumuona. Bibi alikaa akisikiliza mlango. Kila hatua za mtu zilipopita nje aliuliza, "Ni Mwalimu?" Tulimwambia siye. Hakumtukana, hakulalamika, na hilo lilinitia uchungu zaidi, kwa kuwa mpaka mwisho alikuwa akimsubiri kama unavyomsubiri mwanao aliyechelewa. Siku ya kumzika, mama alikifungua kile chungu kidogo. Akaenda jikoni, akarudi na punje tatu za mahindi meupe, akazitia ndani, akafunika. "Akihesabu, ahesabu," alisema. Tukakiweka karibu na mkono wake wa kulia.

Mwalimu alituma pole kupitia mwanafunzi.

Miaka imepita. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno kwenye kliniki ndogo huku Nyakabiga. Nachanganya dawa, nashika taa, nafyonza mate, nasafisha vyombo. Tunavaa barakoa, na wagonjwa hawatujui kwa sura. Mwezi uliopita akaingia mzee mwembamba mwenye fimbo na shavu lililovimba. Alikaa kwenye kiti, daktari akamwambia afungue, nikaleta taa karibu.

Upande wa kushoto, juu na chini, kulikuwa na nafasi ya kalamu.

Nilisimama nimeishika ile taa. Sukari ilikuwa imefanya kazi yake. Hakubakiwa na mengi, na gego lililomleta lilikuwa limeoza hadi shinani. Daktari, kijana mwenye maneno, alikuwa akimchangamsha: mzee ulifanya kazi gani? Mwalimu. Ah, basi wanafunzi wako ndio wametufikisha hapa. Nikavuta barakoa chini.

"Mwalimu, unanikumbuka?"

Alinitazama mdomoni. Ikachukua muda, kisha uso wote ukafunguka. "We," alisema. "We ni ule mutoto wa kikombe." Akamgeukia daktari na shavu lake limevimba hivyohivyo. "Daktari, huyu, kila mutu alimukimbia. Mi nilikunywa kwa kikombe yake mbele ya darasa yote. Yote nilimaliza. Muulize."

"Ni kweli," nilisema, kwa kuwa ni kweli.

Daktari alinitazama kwa heshima mpya, akamtazama yeye kwa heshima zaidi. Mwalimu aliridhika. Akaegemea kiti, akafungua mdomo, sindano ikaingia. Nilimshika bega gego lilipokuwa likitoka, maana walitaka kusaidiwa wote wawili, daktari na mzee. Lilitoka zima. Daktari akalidondosha kwenye sahani ya chuma, akaenda kunawa, akamwita mgonjwa mwingine kwenye kiti cha pili.

Nilimwekea Mwalimu pamba. Nilikuwa nimeinua sahani nikamwage ndani ya ndoo ya taka aliponishika mkono.

"Usitupe," alisema kwa shida. "Jino yangu. Usitupe."

"Kwa nini, Mwalimu?"

Aliona haya, nafikiri. Alitazama chini. "Nitaenda nayo kwa nyumba. Mutu anazeeka... Nataka nizikwe nayo. Ni yangu."

Ningeweza kumjibu mengi. Nilikuwa nayo yote tayari, nimeyatunza muda mrefu. Nililipeleka jino kwenye beseni, nikaliosha damu, nikalikausha, nikalifunga kwenye kipande cha shashi, nikamwekea kiganjani.

"Bibi yangu alisema hivyohivyo," nilimwambia.

Vidole vyake vilikuwa vikianza kufunga, vikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama machoni, na nikaona kwamba anakumbuka kila kitu: mkeka, chungu, leso nyeupe.

"Zile meno..." alisema ndani ya pamba. "Mi sijui hata ziko wapi. Niliwapa tu. Sikuuliza watazipeleka wapi."

Hapakuwa na mahali pazuri basi. Hapakuwa na mtu aliyeyatunza vizuri kuliko sisi. Nilifikiri ningelia au ningepiga kelele. Nilimweleza tu asisukutue kwa maji ya moto leo na asinywe chai yenye sukari, nikamsaidia kushuka kwenye kiti. Alitia kifurushi kwenye mfuko wa shati, akajaribu kufunga kifungo, kidole kikakataa. Nikamfungia.

Jioni nilimkuta mama uani kwetu Cibitoke akimenya mihogo. Nilimsimulia yote. Hakuniuliza kama Mwalimu aliomba msamaha. Aliuliza jambo moja tu.

"Na jino yake, ulimurudishia?"

"Nilimurudishia."

"Ulifanya vizuri," alisema, akachukua muhogo mwingine. "Sisi hatubaki na meno ya mutu."